Sponji ya vyombo inayodumu ni ile inayokauka

Sponji ya kuoshea vyombo ina njia tatu za kufa: kunuka, kubanduka na kumeguka. Mtu akiuliza ni ipi inayodumu, mara nyingi anaiwaza hiyo ya tatu. Anaogopa kusugua sufuria halafu akute vipande vya sponji vimetapakaa ndani ya sinki. Lakini ziangalie vizuri zile unazozitupa. Nyingi bado zina pembe zote nne, upande wa kusugulia umeshika, na povu zinatoa. Umezitupa kwa sababu ulimaliza kuosha, ukanusa mkono, ukakunja uso.

Ndiyo maana nikinunua sponji suala la nguvu nalitazama baadaye. Kwanza natazama maji: yanaingiaje, na hasa yanatokaje. Sponji inayowahi kukauka kabla ya zamu inayofuata ya vyombo itakaa muda mrefu hata ikiwa ya kawaida kabisa. Ile inayolala mbichi usiku kucha haifiki mbali, hata kama ingeshonwa kwa waya. Kuna jambo la pili, linalohusu msuguano, ambalo hulikuti limeandikwa kwenye pakiti. Nitalifikia.

Tuanze na harufu. Ndani ya sponji kuna unyevu, kuna joto la jikoni, na kuna mabaki ya chakula yaliyosagika mpaka hayaonekani: mafuta, wanga, utando wa yai. Bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Massimiliano Cardinale na Markus Egert walichapisha katika jarida la Scientific Reports uchunguzi wa sponji 14 zilizokuwa zikitumika majumbani. Baadhi ya sehemu ndani ya sponji hizo zilikuwa na bakteria wanaofikia bilioni 54 katika sentimita moja ya ujazo. Miongoni mwa waliotawala walikuwemo ndugu wa Moraxella osloensis, yuleyule anayezipa nguo zilizochelewa kukauka ule uvundo unaojulikana. Kisha likaja la kushangaza: sponji ambazo wenyewe walisema wanazisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine, na baadhi ya jamii hizo, wakiwemo hao wa harufu, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani yake. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba usafishaji wa juujuu unawaua wanyonge na kuwaachia wagumu uwanja mzima.

Habari hiyo ilizunguka dunia ikiwa na vichwa vya kutisha, na sponji ikalinganishwa na choo. Mimi ule uoga siukubali. Bakteria wengi wa aina hiyo hawamfanyi kitu mtu mwenye afya, na watu wameosha vyombo kwa sponji miaka na miaka bila kulazwa. Ninachokiheshimu zaidi ni kazi ya taasisi ya Nofima ya Norway, iliyochapishwa mwaka 2021, ambayo iliacha kuhesabu bakteria wa kila namna ikajikita kwa wale wanaoleta ugonjwa wa tumbo wa kweli. Waliweka Salmonella kwenye sponji na kwenye brashi za kuoshea vyombo. Kwenye brashi zilizoachwa zikauke, bakteria walipungua sana. Kwenye sponji walibaki, na wakaongezeka. Hakuna dawa iliyotiwa kwenye brashi hizo. Zilikauka tu, kwa sababu nyuzi zake zimesimama mbalimbali na hewa inapita, wakati sponji imetengenezwa makusudi ishike maji.

Hapo ndipo penye ugumu wote wa kuchagua. Tunataka kitu kinachonyonya maji na sabuni ili kitoe povu, halafu tunataka kitu hichohicho kiyaachie maji yote tukishamaliza. Kinachoamua kama hilo linawezekana ni vitundu.

Sponji nyingi za dukani ni za poliurethani, plastiki ileile iliyomo kwenye magodoro na viti. Otto Bayer na wenzake waliigundua kemia yake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Vimiminika viwili vikichanganywa vinashikana na kuwa plastiki. Ukiongeza maji kidogo kwenye mchanganyiko, gesi ya kaboni dioksidi inazaliwa humohumo na kuuumua wote kabla haujakauka. Kila kiputo cha gesi kinabaki kuwa chumba kidogo, na kati ya chumba na chumba kuna kiwambo cha plastiki nyembamba. Viwambo hivyo vikiwa vingi bado havijapasuka, maji yanaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, na mabaki ya chakula yanajificha kwenye vyumba visivyo na mlango wa pili. Vikiwa vimepasuka, hewa inapita kutoka upande hadi upande.

Kuna sponji ambazo viwambo vyake huondolewa kabisa kiwandani. Bonge la sponji linafungiwa kwenye chumba cha chuma, linajazwa hidrojeni na oksijeni, kisha gesi inawashwa. Moto unapita mara moja tu, unaviyeyusha vile viwambo vyembamba na kuacha mifupa ya plastiki peke yake. Sponji za namna hiyo hutumika kuchujia maji kwenye matangi ya samaki, na nyingine huwekwa ndani ya matangi ya mafuta ya ndege. Zikifika jikoni huwa ndizo bingwa wa kukauka. Utazitambua kwa macho: vitundu ni vikubwa, na ukiiinua sponji kwenye mwanga unaona mwanga unapenya. Hasara yake ni kwamba hazishiki sabuni sana, kwa hiyo mtu aliyezoea povu zito atahisi anaosha kwa maji matupu. Sabuni inafanya kazi hata povu likiwa haba, lakini mazoea yana taabu.

Kama pakiti inaruhusu, ifanyie sponji majaribio mawili. La kwanza ni pumzi: iweke mdomoni, ipulize. Hewa ikipita bila kulazimishwa, maji nayo yatapita. La pili ni kuibana kwa vidole kisha kuiachia. Inayorudi upesi na kwa ukamilifu ina plastiki ya kutosha ndani yake. Inayobaki na alama ya vidole, au nyepesi mno mkononi kwa ukubwa wake, imejazwa hewa, na itaanza kumeguka kwenye kingo mapema. Viwanda hupima hili kwa kilo katika mita moja ya ujazo, ila pakiti za sponji za vyombo huwa hazitoi takwimu hiyo, kwa hiyo mkono wako ndio mizani. Chukua mbili za ukubwa mmoja, pima uzito mkono huu na mkono ule, chagua nzito.

Unene nao una neno. Sponji nene inapendeza kushika na inaonekana ina maisha marefu, lakini katikati yake ndiko kusikokauka. Kati ya nene na nyembamba zenye ubora sawa nachukua nyembamba bila kusita. Mswidi mmoja, mhandisi Curt Lindquist, aliufikisha mwisho uamuzi huo mwaka 1949 alipobuni kitambaa cha sponji, mchanganyiko wa selulosi na pamba, chembamba kama kadi nene, ambacho kikitandazwa kinakauka upesi na kuwa kigumu. Hakikwangui kitu. Kwa glasi, vikombe na kufutia meza, hata hivyo, nakiona bora kuliko sponji yoyote ya mraba, na hata kikichafuka kinafuliwa kama nguo.

Selulosi yenyewe inastahili maelezo, kwa sababu watu wanaichanganya na plastiki. Ni ile nyuzi ya miti inayotengenezewa karatasi. Inayeyushwa kwa kemikali mpaka inakuwa rojo nzito, inachanganywa na nyuzi za pamba au katani za kuipa uimara, kisha zinamiminwa chembe za chumvi, sulfeti ya sodiamu. Rojo ikishika, chumvi inayeyuka na kuondoka, na pale ilipokuwa chembe panabaki kitundu. Ndiyo sababu sponji ya selulosi ina vitundu vya ukubwa tofautitofauti, vikubwa na vidogo pamoja. Ikikauka inakuwa ngumu kama ubao na ikilowa inalainika, na hiyo ni njia rahisi ya kuitambua, ingawa nyingine huuzwa zikiwa na unyevu ndani ya pakiti ili zisionekane zimesinyaa. Inanyonya maji vizuri kuliko poliurethani na inavumilia kuchemshwa. Upande wa pili, imetokana na mti, na vijidudu vinavyokula mti vinaweza kuila. Ukiiacha imelala kwenye maji itaoza kweli, kwa maana kamili ya kuoza. Wanaojali taka wanaipenda kwa sababu hiyohiyo: ikifikia mwisho inarudi kuwa udongo, mradi haikubandikwa kipande cha plastiki mgongoni.

Sasa nije kwenye huo mgongo, ule upande mgumu, ambao mara nyingi ni wa kijani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya 3M ya Marekani ilileta jikoni kitambaa cha kusugulia kisichofumwa: nyuzi za nailoni zimetawanywa ovyo, zimeshikanishwa kwa gundi ya resini, na ndani ya gundi mmechanganywa vumbi la madini. Katika sponji nyingi za kazi ngumu madini hayo ni oksidi ya alumini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi, oksidi ya alumini iko kwenye 9. Kioo cha kawaida kiko kwenye 5 na nusu hivi. Alumini ya sufuria haifiki hata 3. Kwa hiyo unaposugua sufuria ya alumini kwa upande wa kijani, ukoko unatoka na alumini kidogo inatoka nayo. Ile rangi ya kijivu inayotokea kwenye povu ndiyo sufuria yenyewe inayoondoka.

Hili ndilo jambo la msuguano nililoahidi. Vitu viwili vikisuguana, kimoja kitalika, na kwa kawaida ni kile laini. Sponji iliyosifiwa kuwa hailiki hata kwa miezi, basi mzigo wa kulika ameubeba nani? Kikaango chenye utando wa Teflon kinachoshika chakula kabla ya wakati wake, glasi zilizopata ukungu usiofutika, sinki lenye mikwaruzo ya duara, vyote hivyo vimelipa gharama ya uimara wa sponji. Sponji ni rahisi kuibadilisha kuliko kikaango. Ndiyo maana mimi nataka sponji ya vyombo vya kila siku ife kabla ya vyombo, na uimara ninaoutafuta kwake ni ule wa kukauka, kushika gundi na kutomeguka. Wahenga walisema rahisi ghali, nami nakubali kwa mambo mengi, ila hapa kipo cha ghali kinachogeuka ghali mara mbili.

Rangi zinasaidia kwa kiasi. Aghalabu kijani au nyeusi ni kali, buluu na nyeupe ni pole, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kufuata hivyo, na sponji zisizo na jina huwa zinapaka rangi zinavyotaka. Jaribu kwa ukucha wa kidole gumba: sugua upande mgumu juu ya ukucha mara chache. Ukiacha mikwaruzo au unga mweupe, una madini makali. Kama pakiti imefungwa, soma kama imeandikwa inafaa kwa vikaango visivyoshika chakula. Wanaoandika hivyo kwa kawaida wametumia nyuzi peke yake, au chembe laini zaidi.

Kifo cha pili, cha kubanduka, kinaanzia hapohapo kwenye mgongo. Sponji na kitambaa kigumu ni vitu viwili vyenye tabia tofauti: kimoja kinavimba kikilowa na kusinyaa kikikauka, kingine hakijali. Kila siku vinavutana kwenye mstari wa gundi. Maji ya moto sana yanailainisha gundi, mafuta yanaipenya, na ukiikamua sponji kwa kuisokota unamalizia kazi. Kabla ya kununua, ikunje sponji upande wa laini uwe ndani, kisha itazame kingo zake. Ikiwa gundi imepakwa kwa mistari tu utaona mapengo yakifunguka. Ikiwa imeshika eneo lote, vipande viwili vitapinda pamoja. Baadhi hazina gundi kabisa. Zimefunikwa wavu ulioshonwa pande zote, na hizo hazibanduki, ila mshono wao una mikunjo ambamo mabaki hujificha, na kwenye kona wavu ndio unaotangulia kutoboka. Kwangu gundi nzuri inaushinda mshono.

Kumeguka kunatokana na mambo mengi kwa pamoja. Kuna poliurethani zinazotengenezwa kwa kemikali za jamii ya poliesta, ambazo maji ya moto yanazivunja polepole mpaka zinakuwa unga. Zile za jamii ya polietha zinavumilia maji zaidi. Hulijui hili kwa kuisoma pakiti. Utalijua sponji ikianza kunata au kuacha chembe ilhali haijatumika sana, na hapo usiinunue tena aina ile. Jua nalo linakausha vizuri, lakini miale yake inaifanya poliurethani iwe ya njano na kavu inayokatika, kwa hiyo ianike penye upepo, jua la saa nzima la nini? Klorini inaharakisha uzee wa poliurethani na wa selulosi pia. Na visu. Kisu, uma na kikunio vinaua sponji nyingi kuliko sababu zote hizi, na dawa yake haimo dukani.

Kuna wanaosema suluhisho ni silikoni. Kipande cha silikoni chenye vijinywele vya mpira hakinyonyi maji, hakioti ukungu kirahisi, unakichemsha utakavyo, na kitakuwa bado kinaonekana kipya wakati wewe umeshachoka kukitazama. Kwa uimara hakina mpinzani. Tatizo lake ni kuosha. Vile vijinywele vinapinda badala ya kusugua, sabuni inateleza kwa sababu haina pa kukaa, na mafuta yanasogezwa kutoka upande huu wa sahani kwenda ule. Nakitumia kwa matunda na mboga zenye ngozi ngumu, na kushikia mfuniko wa moto. Kuosha vyombo kwa hicho ni kujitafutia adhabu.

Zile sponji nyeupe za melamini, zinazofuta alama ukutani kama miujiza, ziache ukutani. Melamini ikiwa sponji inakuwa na nyuzi ngumu na nyembamba mno, kwa hiyo inafanya kazi ya msasa laini sana. Inafuta kwa kukwangua, na yenyewe inaisha kwa kumeguka kila inapopita. Haikubuniwa kudumu, na juu ya sahani zenye mng'ao au vikaango vyenye utando itaondoa mng'ao pamoja na uchafu.

Waya wa kusugulia una mahali pake, mahali padogo. Zile nyuzi nyembamba za chuma zinashika kutu na kukatika, na kipande kimoja kikibaki kwenye chombo kinaweza kuishia kwenye chakula. Nyuzi bapa za chuma kisichoshika kutu, zilizosokotwa kama chemchemi, zinadumu sana na zinakauka mara moja, lakini ni za sufuria nzito za chuma na matako ya sufuria yenye masizi. Kwa vikaango vya chuma cha kusubu, vile vizito vilivyomiminwa kwenye kalibu, kuna kitu bora zaidi, wavu wa pete za chuma zilizounganishwa, unaokwangua ukoko bila kuubandua weusi wa mafuta uliojijenga juu ya chuma. Wavu huo hauna cha kulika. Huenda ndicho chombo pekee jikoni cha kusugulia ambacho unaweza kumrithisha mtu.

Dodoki nalipenda kwa sababu halijifanyi kitu kingine. Ni tunda la jamii ya maboga, Luffa, lililoachwa likomae na kukauka juu ya mmea wake mpaka nyama yote imeisha na mishipa iliyokuwa ikipitisha maji imebaki peke yake. Unamenya ganda, unakung'uta mbegu, unakata. Mishipa hiyo imepangwa kwa nafasi kubwa, ndiyo maana dodoki linakauka upesi kuliko sponji ya kiwandani ya unene uleule. Ukali wake ni wa kadiri: unatosha kwa wanga uliokauka, hautoshi kwa ukoko ulioungua, na hauachi mikwaruzo kwenye glasi. Chagua lenye mishipa minene yenye rangi ya krimu. Lile jeupe sana mara nyingi limepaushwa kwa kemikali, na nyuzi zake zimeshaanza kuchoka kabla hujalilowesha. Usilihukumu siku ya kwanza likiwa kavu na kali kama mswaki mpya, maana linalainika likikolea maji. Likizeeka linakuwa jepesi na kulegea, halimeguki kwa ghafla, na vipande vyake havipeleki plastiki kwenye mfereji. Sponji za plastiki, kila zinapolika, hupeleka.

Sponji ya asili kabisa, ile ya baharini, ni mnyama. Wagiriki wa kale waliitumia, na kisiwa cha Kalymnos kiliishi kwa wapiga mbizi wake. Mwaka 1938 na 1939 ugonjwa ulizifyeka sponji katika maji ya Bahamas, Kuba na Florida, na biashara ile haikuwahi kurudi ilivyokuwa, kwa sababu muda si mrefu sponji za viwandani zilishaenea. Leo sponji ya baharini ni ya kuogea. Kuipeleka kwenye sufuria ni kumdhulumu mnyama mara ya pili.

Sasa utanunua ipi? Mimi nimeacha kutafuta moja ya kufanya kila kitu, kwa sababu kila inayojaribu hivyo inakufa kwa kazi isiyo yake. Kazi chafu ya mwanzo nampa brashi, kutoa mabaki, visu, vikunio, na ndani ya chupa. Brashi inakauka yenyewe ikisimamishwa. Baada ya hapo sponji inakutana na mafuta mepesi na sabuni tu, na sponji yoyote ya wastani yenye vitundu vilivyo wazi na upande mgumu wa pole inadumu kwa namna ambayo wanaotumia sponji peke yake hawaijui. Ukoko unalowekwa kwanza. Maji ya moto na muda wa kula vinaondoa sehemu kubwa ya kazi ambayo watu wanaidai kutoka kwenye upande wa kijani.

Ukimaliza, isuuze mpaka maji yanayotoka yawe safi, maana sabuni iliyobaki inashika uchafu. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote. Isimamishe kwa ubavu, nje ya sinki, mahali hewa inapopita pande zote mbili. Vile vikombe vya plastiki vinavyouzwa viwekewe sponji, vyenye maji yaliyotuama chini, ni mtego. Kishikio kizuri ni waya mbili tu. Kama nyumba ina watu wengi na vyombo haviishi, weka sponji mbili zipokezane, moja ikifanya kazi nyingine inakauka. Hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kuongeza maisha ya zote mbili.

Kuhusu kuua vijidudu, wataalamu wa wizara ya kilimo ya Marekani walilinganisha njia kadhaa mwaka 2007. Kulowesha sponji kwa dakika 3 kwenye maji ya klorini, au kwa dakika 1 kwenye maji ya limau au maji matupu, kuliua kati ya asilimia 37 na 87 ya bakteria. Dakika 1 ndani ya maikrowevu iliua karibu wote. Sponji lazima iwe imelowa chepechepe na isiwe na chuma chochote, kwa sababu iliyo kavu inaweza kushika moto. Asiye na maikrowevu achemshe maji. Ila kumbuka wale Wajerumani na zile brashi za Norway: kinachorudi baada ya kuchemsha kinategemea kama sponji ililala kavu au mbichi. Na sponji iliyofuta maji ya nyama mbichi au kuku, mimi siichemshi, naitoa kwenye vyombo siku hiyohiyo.

Ikianza kunuka tena saa chache baada ya kusafishwa, ikitoa utelezi, au upande wa laini ukianza kuacha chembe, imestaafu vyombo. Haijastaafu kazi. Naikata kona moja kwa mkasi, na hapo kila mtu nyumbani anajua kwamba ni ya sinki na jiko. Ikikatwa kona ya pili imeshuka kwenye sakafu na viatu. Ya tatu ni ya pipa la taka, na baada ya hapo inaingia humo ndani.